Pua ya mdogo wangu imelala upande: tungoje, tumkande, au twende Kampala?

"Daktari, salaam kutoka Koboko. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22, anaendesha boda boda. Jumapili kwenye mpira alipigwa kiwiko cha pua. Damu ilitoka nyingi, tukamwambia aangalie juu mpaka ikakoma. Usiku uso ulivimba na chini ya macho pakawa peusi. Jumatatu tulikwenda kliniki, wakampiga eksirei, wakasema mfupa haukuvunjika, wakampa amoksilini na Panadol. Leo ni Ijumaa. Uvimbe umepungua lakini pua imelala kushoto. Pua zote mbili zimeziba, anapumua kwa mdomo, na tangu jana anasema inamuuma kuliko mwanzo. Mama mkubwa anataka tumpeleke kwa mzee anayeunga mifupa aisukume irudi. Wengine wanasema tumkande kwa maji moto na chumvi, wengine tuiache ipone yenyewe. Je, twende Kampala? Tena mwezi ujao wana fainali, ataweza kucheza?"

Dada yangu, maswali yako yote nitayajibu, lakini lililonishtua halimo kwenye maswali. Limo kwenye sentensi uliyoipita haraka: pua zote mbili zimeziba, na maumivu yamezidi tangu jana. Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, mwambie avae viatu. Mpeleke hospitali leo hii. Usingoje Jumatatu. Asile mlo mzito njiani, maana huenda ikabidi wamlaze usingizi. Mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Sasa nikueleze kwa nini nakukimbiza hivyo kwa ajili ya kijana ambaye, kwa maelezo yako, uvimbe wake unapungua.

Pua iliyovunjika tu, bila tatizo jingine, huuma sana siku ya kwanza na ya pili, kisha maumivu hushuka. Siku ya nne mtu anaanza kulalamikia sura yake kwenye kioo badala ya maumivu. Maumivu yakishuka halafu yakageuka kupanda, kuna kitu kingine kinachoendelea ndani. Na kuziba kwa pande zote mbili kwa pamoja pia si kawaida ya mfupa uliolala upande mmoja. Pua ikilala kushoto, aghalabu mwanzi mmoja wa pua, yaani tundu moja, unabanwa na mwingine unabaki na nafasi. Zikifungana zote mbili siku ya tano, mimi nawaza damu iliyojikusanya kwenye ukuta wa kati.

Shika pua yako nikuonyeshe. Anza juu, katikati ya macho, ushuke polepole kwa vidole viwili. Ile sehemu ngumu inakwisha mapema, haifiki hata nusu ya njia. Hiyo ndiyo mifupa ya pua, miwili, midogo, iliyoegemeana kama paa la nyumba. Kuanzia hapo kushuka ni gegedu, kitu kile kile kilicho kwenye sikio, ndiyo maana ncha ya pua unaweza kuikunja ikarudi. Na ndani, katikati, kuna ukuta unaogawanya mianzi miwili. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ni gegedu pia.

Gegedu haina mishipa yake ya damu. Inakula kutoka kwa ngozi nyembamba iliyoishikilia pande zote mbili. Ni kama shamba lisilo na kisima linalonyweshwa maji ya jirani. Sasa kiwiko kinapogonga, ukuta unapinda, mishipa midogo inapasuka, na damu inaingia kati ya gegedu na ile ngozi. Damu hiyo haina pa kutokea. Inatuama pale, inaisukuma ngozi mbali, na gegedu inabaki na njaa. Ndani ya siku tatu hivi huanza kufa. Na damu iliyotuama ni chakula kizuri cha bakteria, kwa hiyo haichukui muda kugeuka usaha. Hapo ndipo maumivu yanaporudi kwa nguvu, wakati mwingine na homa.

Gegedu ikifa haioti tena. Pua iliyopoteza nguzo yake ya katikati hubonyea mgongoni, kama barabara iliyotitia baada ya mvua, na kuirekebisha baadaye ni operesheni kubwa ya kupandikiza gegedu kutoka kwenye ubavu au sikio. Hayo ndiyo madhara madogo. Makubwa ni kwamba mishipa inayorudisha damu kutoka eneo la pua imeungana na ile inayoelekea ndani ya fuvu, na damu humo inaweza kutiririka kurudi nyuma. Usaha wa pua ukiachwa unaweza kufika huko. Ni nadra, na sisemi ili ulie njiani. Nasema ili mtu asikwambie "rudi Jumatatu" ukakubali.

Mkiwa mnasubiri, washa tochi ya simu umtazame. Mwambie ainue kichwa kidogo, wewe uinue ncha ya pua yake kwa kidole gumba, taratibu. Ukuta wa kati ulio salama ni mwembamba, wa waridi, na ukiugusa kwa kijiti chenye pamba safi ni mgumu. Ukuta wenye damu huwa umetuna kuelekea mwanzi mmoja au yote miwili, rangi ya wekundu uliokolea au ya zambarau, laini, unabonyea. Wenzangu wa Kampala huwaambia unafanana na jambula mbivu, lile tunda la zambarau, iliyokwama puani, nao hawasahau. Ukuta uliopinda tu ni tofauti: ukitokeza upande huu, upande wa pili una shimo, na ni mgumu pande zote. Tofauti nyingine ni kwamba dawa ya matone ya kufungua pua haifanyi lolote kwa uvimbe wa damu, ila kuziba kwa mafua hupungua.

Usipoona kitu, bado nenda. Mara nyingi ndani kuna damu kavu inayoficha, na mimi mwenyewe huhitaji kusafisha kwanza kabla sijasema lolote. Na inawezekana nimekosea: pengine ni mabonge ya damu na uvimbe wa kawaida tu, wamsafishe apumue, mrudi nyumbani mkinilaumu. Lawama hiyo naipokea kwa furaha.

Wakikuta damu, kazi yenyewe si kubwa. Hutia ganzi, hupasua ngozi kidogo ndani ya mwanzi wa pua, hufyonza damu au usaha, husafisha, kisha huweka utambi wa shashi pande zote mbili au hushona nyuzi za kupitiliza ili ngozi irudi kushikana na gegedu. Baada ya hapo antibiotiki zinazofaa, na arudi kutazamwa ndani ya siku moja au mbili kwa sababu damu ina tabia ya kujikusanya tena. Kuchoma sindano na kuvuta haitoshi siku ya tano. Damu imeshaganda, haipiti kwenye sindano. Hili ulishike, maana ukikuta mtu mwenye haraka anaweza kujaribu njia hiyo fupi.

Na ndiyo maana ile amoksilini haikumlinda. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na bonge lililotuama halipitiwi na damu. Kwa pua iliyovunjika bila jeraha la ngozi, bila damu ukutani, antibiotiki hata haihitajiki. Sisi huku Uganda tumezoea kwamba mgonjwa akitoka kliniki bila vidonge vya rangi mbili anaona hakutibiwa, na wenzangu wengi wamechoka kubishana.

Hapo nimefika kwenye eksirei. Wamekwambia mfupa haukuvunjika. Mimi sijamwona mdogo wako, ila pua iliyokuwa nyoofu Jumamosi ikalala kushoto Ijumaa, yenye weusi chini ya macho yote mawili, kwangu imevunjika hata filamu iseme nini. Eksirei ya pua ni shahidi dhaifu. Gegedu haionekani kabisa. Mifupa yenyewe ni myembamba, imepitiwa na mistari ya asili ambako mishipa ya fahamu hulala na mahali mifupa inapoungana, na mistari hiyo hudhaniwa kuwa ufa. Zaidi ya hapo, mfupa wa pua mara nyingi hupona kwa kuunganishwa na nyuzi tu, bila kujenga mfupa mpya, kwa hiyo ufa wa miaka kumi iliyopita unaweza kuonekana kama wa jana. Filamu inaweza kusema ndiyo wakati si kweli, na hapana wakati ni kweli. Na hata ikisema kweli haibadilishi tiba, kwani tunatibu mambo mawili: sura iliyobadilika na pumzi iliyozibwa. Yote mawili yanaonekana kwa macho na vidole.

Sisemi walifanya kosa kumpiga picha. Kosa ni kuitazama picha na kuacha kutazama ndani ya pua.

Ukitaka kuitambua pua iliyovunjika, fanya hivi. Mkalishe kwenye kiti, simama nyuma yake, mwambie alegeze kichwa nyuma, umtazame kutoka juu, kutoka kwenye paji la uso kushuka mpaka ncha ya pua. Kupinda ambako mbele kunafichwa na uvimbe, kutoka juu kunaonekana. Kisha chukua Ndaga Muntu yake, yaani kitambulisho cha taifa, au picha yoyote ya kabla ya Jumapili, ulinganishe. Usicheke. Nimeletewa zaidi ya mtu mmoja "aliyevunjika pua jana" ambaye kitambulisho chake cha miaka mingi nyuma kilikuwa na pua ile ile. Dalili nyingine ni damu puani, ambayo karibu haikosi, weusi chini ya macho, maumivu mahali pamoja mfupani, na ukibonyeza taratibu unahisi kitu kinacheza au kukwaruzana kama mchanga chini ya ngozi. Hiyo ya mwisho mwachie daktari. Akishaihisi mtu mmoja inatosha, haina haja ukoo mzima upite kuthibitisha.

Kuhusu kumwambia aangalie juu siku ile: wengi tulifundishwa hivyo, lakini si sahihi. Damu haikomi, inabadilisha njia tu. Inashuka kooni, anaimeza, kisha anatapika damu nyeusi na mnapata hofu mpya. Siku nyingine akae wima, ainame mbele kidogo kama anayetazama magoti yake, abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia, apumue kwa mdomo na kutema kinachofika kinywani. Wengi hubana juu kwenye mfupa. Huko hakuna kinachobanika, na mishipa inayovuja mara nyingi iko chini, mbele ya ukuta wa kati.

Sasa maji moto na chumvi. Kukanda kwa joto hupanua mishipa ya damu. Siku mbili za mwanzo mishipa hiyo imepasuka, kwa hiyo ukiipanua unaongeza uvimbe na kuamsha damu. Kinachotakiwa siku hizo ni baridi: barafu, au maji yaliyogandishwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kama yale yanayouzwa stendi, yafungwe kwenye kitambaa, yawekwe kwenye mgongo wa pua na mashavuni dakika 10 hadi 15, yaondolewe, yarudiwe baada ya saa moja au mbili. Alale kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Panadol ni sawa. Aspirini aiache, na zile sindano na vidonge vya dikolofenaki ambavyo kila duka la dawa linavyo asitumie bila daktari kusema, maana vinapunguza uwezo wa damu kuganda. Kwa mdogo wako muda wa barafu umeshapita, lakini muda wa maji moto haujafika, na kwa ninachokihofia ndani ya pua yake hautafika.

Mama mkubwa namheshimu, na mzee wa kuunga mifupa simdharau. Huku kwetu, muyunzi mzuri anajua mikono yake, na watu wametembea tena kwa sababu yake. Lakini pua si mkono. Mkono una ncha mbili za kushika na kuvuta. Pua haina pa kushika kwa nje. Mfupa ulioingia ndani huwezi kuutoa kwa kusukuma kutoka nje, lazima uinuliwe kutoka ndani, kwa chombo kinachopita kwenye mwanzi wa pua. Na juu kabisa ndani ya pua, dari yake ni mfupa mwembamba mno unaoitenganisha na ubongo. Anayesukuma bila kujua dari hiyo ilivyo anacheza kamari na kichwa cha mtu. Ongeza kwamba mzee hatazami ukutani. Akiinyoosha pua leo ikapendeza, familia mkashukuru, mkarudi nyumbani na usaha ndani, gegedu itakufa ndani ya pua nyoofu. Mwambie mama mkubwa kwamba daktari naye atainyoosha, ila kwanza atoe damu. Nadhani atakubali. Kinachomsumbua ni kuona kijana amekaa siku tano bila mtu kumgusa, na katika hilo ana haki.

Wale wanaosema tungoje nao wana nusu ya ukweli. Pua nyingi zilizovunjika hazihitaji kufanyiwa kitu. Kama sura haijabadilika na pumzi inapita, tunaiacha. Na hata inayohitaji kunyooshwa, hatuigusi ikiwa imevimba, kwa sababu huwezi kuona unachonyoosha. Tunamwambia mgonjwa arudi siku ya tatu mpaka ya tano. Kungoja huko kuna mwisho. Kwa mtu mzima, mifupa huanza kushikana, na baada ya wiki mbili hivi haisogei tena kwa mkono. Jumapili hii ni siku ya 7, Jumapili inayofuata ni ya 14. Weka alama kwenye kalenda. Wengi hupoteza nafasi si kwa kukataa tiba, ila kwa kusikilizia: wiki ya kwanza wanangoja uvimbe, ya pili wanatafuta pesa, ya tatu wanafika kwangu na pua iliyokwishakauka kama tofali.

Nina pua ya namna hiyo mimi mwenyewe. Niliivunja sekondari, mwaka wa pili, kwenye mlango wa bweni usiku umeme umekatika, nikaambiwa itajirudi. Haikujirudi. Inaelekea kulia, na wagonjwa wangu hunitazama wakajiuliza kama huyu ni fundi kweli.

Swali la Kampala. Kutoa damu na usaha hakuhitaji Kampala. Daktari yeyote aliyezoea chumba cha upasuaji anaweza kufanya, hospitalini hapo Koboko au kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne chenye daktari na vifaa. Wasipoweza, waandike barua leo hii mwende Hospitali ya Rufaa ya Arua. Usimpandishe basi la usiku la Kampala na pua iliyojaa, muda wote huo mpaka Pakwach, Karuma na kuendelea, mkakae tena kwenye foleni ya hospitali ya Mulago. Atolewe kwanza kinachomdhuru. Kunyoosha ndiko kunakohitaji daktari wa masikio, pua na koo, na hao nchini si wengi. Arua mpige simu au mtume mtu aulize siku yao ya kliniki ni ipi, mkiwa ndani ya ile kalenda. Wakisema hawawezi kabla ya siku ya 14, hapo ndipo safari ya Kampala inakuwa na maana.

Kunyoosha kwenyewe huchukua dakika chache. Kwa mtu mzima aliyetulia inawezekana kwa ganzi: pamba zilizoloweshwa dawa huwekwa ndani ya pua, na sindano ndogo huchomwa nje. Vinginevyo hulazwa usingizi, na kwa pua iliyopinda sana ndivyo ninavyopendelea, kwa sababu mgonjwa anayeruka hunyooshwa nusu. Daktari huingiza chombo bapa, huinua mfupa ulioingia, na kwa kidole gumba cha nje husukuma uliotoka. Mara nyingi kuna mlio mfupi, kwaa, na pua inarudi kati mbele ya macho yako. Huwekwa plasta ndogo mgongoni mwa pua kwa wiki moja hivi. Kwa mdogo wako, kama ndani kuna usaha mwingi, wanaweza kuamua kusafisha leo na kunyoosha siku chache baadaye. Msidhani wamesahau, ila waulizeni tarehe.

Nikuambie ukweli pia kwamba kunyoosha huku si kamilifu. Wengi huridhika. Wengine hubaki na kupinda kidogo, na wengine pua inakaa sawa nje lakini ukuta wa ndani umebaki umepinda, kwa hiyo upande mmoja haupitishi hewa vizuri. Kwa hao kuna operesheni ya baadaye ya kurekebisha ukuta na mifupa kwa pamoja, na hiyo huwa tunasubiri miezi kadhaa, kwa kawaida sita, tishu zitulie. Aliyechelewa ile kalenda pia huingia kwenye mlango huo huo, ambao ni mrefu na wa gharama zaidi.

Akirudi nyumbani asipenge makamasi kwa wiki mbili, na akipiga chafya afungue mdomo. Wiki ile ya plasta aache boda boda. Najua pikipiki ndiyo chakula, lakini vumbi la barabara na mashimo havifai, na helmeti ya kufunika uso inaweza kuikandamiza pua wakati wa kuivaa na kuivua. Akirudi kazini aivae kwa kuipanua kwa mikono miwili.

Kuna mambo mengine ambayo hukuyataja, nami naamini hayapo, lakini umuulize. Je, kuna maji mepesi, maangavu kama ya kunywa, yanayodondoka kutoka mwanzi mmoja anapoinama, yenye ladha ya chumvi kooni? Yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo, na hapo asipenge, asizibwe pamba, aende hospitali kubwa moja kwa moja. Je, anaona vitu viwili viwili, shavu limekufa ganzi au limebonyea, meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani? Hiyo si pua peke yake, ni uso, na hapo sasa picha ya si-ti skani (CT scan) ina kazi. Je, alizimia, anatapika, amekuwa mzito wa kuelewa, shingo imekakamaa, ana homa? Damu ikianza tena na isikome baada ya kubana vizuri mara mbili, ni hospitali pia. Na kama ngozi ya pua ilichanika, aulizwe chanjo ya pepopunda.

Kwa kuwa wengine wanasoma wakiwa na watoto: mtoto aliyegongwa pua asingojwe. Pua yake karibu yote ni gegedu, damu hujikusanya ukutani kwa pigo dogo tu, na gegedu hiyo ndiyo inayoikuza pua. Mifupa yake pia hushikana mapema, kwa hiyo kalenda yake ni kama nusu ya ya mtu mzima. Mtazame ndani siku ile ile na siku mbili tatu baadaye. Na aliyevunjwa pua kwa kupigwa, awe mke, awe mtoto, awe kijana aliyepigana baa, achukue fomu ya polisi, PF3, daktari aijaze angali na majeraha. Hata kama leo hataki kushtaki. Majeraha hupona, fomu hubaki.

Ukifika dirishani usianze na hadithi ya mpira. Sema hivi: "Amegongwa pua siku tano zilizopita, imeziba pande zote mbili, maumivu yanapanda, tunaomba atazamwe ukuta wa kati." Maneno hayo daktari yeyote atayaelewa, na atatafuta tochi.

Na fainali, asicheze. Wiki 6 bila mchezo wa kugongana, kuanzia siku ya kunyooshwa, na mpira wa kijijini ni wa kugongana kuliko wowote ninaoujua. Aende awabebee wenzake maji. Akae mbali na kona.